Kamera za joto: zimetoka wapi, zinaona nini, na kwa nini picha nyingi tunazouziwa hapa Dar hazina maana

#1 Mzee wa Fezi Tatu

Wakuu, salaam.

Siku hizi kwenye magrupu ya mafundi zinarushwa sana zile picha za rangirangi, bluu, zambarau, njano, na chini yake imeandikwa "bodi imekaguliwa, iko salama" (bodi ni lile boksi la kugawia umeme). Mteja analipia. Mimi nafanya matengenezo ya umeme viwandani, upande wa Chang'ombe na Pugu Road, na kamera ya aina hii ndiyo naishika kila wiki. Nyingi ya picha hizo hazithibitishi kinachodaiwa, ndiyo maana naleta uzi. Ni mrefu. Asiyependa historia aruke aya tatu zinazofuata.

Mwaka 1800 kule Uingereza, William Herschel, yule aliyegundua sayari ya Uranus, alipitisha mwanga wa jua kwenye prizimu (kioo kinachotenganisha rangi za mwanga) akaweka vipimajoto kwenye kila rangi. Joto liliongezeka kadiri alivyosogea kutoka zambarau kwenda nyekundu. Kisha akaweka kipimajoto nje kidogo ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Kikapanda zaidi. Hiyo ndiyo infraredi. Mwanawe John, mwaka 1840, akaipatia picha: alilowesha karatasi yenye masizi kwa spiriti, akaimulika kwa miali ya jua, spiriti ikakauka haraka penye joto na kuchelewa pasipo na joto, michoro ikatokea. Mwaka 1880 hivi Mmarekani Samuel Langley akatengeneza bolomita, ukanda mwembamba wa platinamu ambao ukizani wake wa umeme unabadilika ukipata joto kidogo tu. Inasimuliwa kwamba iliweza kumhisi ng'ombe aliye mita 400.

Baada ya hapo jeshi likaingia. Mhungaria Kálmán Tihanyi alibuni kamera ya televisheni inayohisi infraredi mwaka 1929, kwa ajili ya ulinzi wa anga wa Uingereza. Baada ya Vita vya Pili Wamarekani walikuwa na mashine ya kuchora mstari mmoja baada ya mwingine, picha moja ikichukua kama saa nzima. Kwa tanki inatosha kama tanki lenyewe limekubali kusubiri.

Sasa hapa ndipo panapotuhusu. Mwaka 1965 kampuni ya AGA ya Uswidi ilitoa kamera ya kuuzwa kwa raia, na kazi iliyouziwa ilikuwa kukagua laini za umeme. Kwa hiyo ukimwona fundi umeme na kamera hii, usidhani ameiga wanajeshi tu, umeme ulikuwepo mlangoni tangu mwanzo. Ile ya Waswidi ilikuwa mzigo wa kubebwa kwa gari, na kihisio chake kilipozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, maana kihisio chenye joto lake mwenyewe kinajiona chenyewe. Kilichotuletea kamera za mkononi ni kazi ya kampuni ya Honeywell huko Marekani kwa fedha za jeshi, iliyokuwa siri hadi mwaka 1992: vibamba vidogo vya oksidi ya vanadi, kila kimoja kimening'inizwa juu ya miguu miwili myembamba ili kisipoteze joto. Ni bolomita ya Langley ileile, ila maelfu kwa maelfu kwenye kipande cha ukubwa wa kucha, na haihitaji kupozwa. Mwaka 2014 kampuni ya FLIR wakaibandika kwenye simu, bei ya kuanzia huko kwao takriban dola 350.

Tuje kwenye kazi.

Kila kitu kinatoa miali hii ya infraredi, hata barafu. Ngozi ya mtu inatoa zaidi kwenye urefu wa wimbi wa mikroni 9 na nusu hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Jicho letu linaishia kama mikroni 0.7. Kamera nyingi za mafundi zinafanya kazi kati ya mikroni 8 na 14. Kumbuka jambo moja: kamera haipimi joto. Inapokea miali inayotoka kwenye USO wa kitu, halafu programu yake inakisia joto kwa hesabu. Na miali inayotoka kwenye uso ni ya aina mbili, ile ya kitu chenyewe na ile inayoakisiwa kutoka kwa vitu vya jirani.

Ngozi, mbao, rangi ya ukuta, mpira, tepu nyeusi ya umeme, hivi vinatoa miali yao kwa asilimia 90 na kuendelea. Kiwango hicho kinaitwa emisiviti. Shaba iliyong'arishwa inatoa asilimia 5 au chini ya hapo, iliyobaki inaakisi tu kama kioo. Piga hesabu: busiba (ukanda wa kugawia umeme ndani ya bodi) ya shaba inayong'aa iko nyuzi 90, chumba kiko nyuzi 32, kamera imeachwa kwenye emisiviti 0.95, yaani asilimia 95, kama ilivyotoka dukani. Kamera itakuambia nyuzi 36 au karibu na hapo. Busiba inaiva, picha ni ya bluu, ripoti inasema salama, mteja anasaini.

Nilishaitwa kiwanda kimoja (sikitaji) ambacho kilikuwa na ripoti safi ya namna hiyo, na bado meni swichi ilikuwa inatoa harufu. Nilizima, nikafunga kwa kufuli, nikahakikisha hakuna moto (umeme), nikabandika kipande cha tepu nyeusi kwenye kila kichwa cha waya pale kinapofungwa kwa nati, fezi tatu (nyaya tatu zinazoleta umeme), tepu tatu. Tukawasha, tukasubiri mashine zote ziingie kazini. Kwenye kamera shaba yote ilikuwa ya rangi moja, imepoa, na juu yake vikaonekana vile vipande vitatu vya tepu: viwili nyuzi 44 na 46, cha katikati nyuzi 97. Ukisogeza kamera kushoto kulia, ile shaba inabadilika rangi kwa sababu inaakisi mwili wako. Tepu haibadiliki. Nati ya fezi ya katikati ilikuwa inazunguka kwa vidole.

Jambo la pili ni mzigo. Kiungo kilicholegea kinazalisha joto kwa mraba wa amperi. Ukikagua bodi saa nne asubuhi ya Jumapili, mashine nusu zimezimwa, joto la kiungo kibovu linakuwa robo ya lile la mzigo kamili. Wanaofuata utaratibu hawakagui chini ya asilimia 40 ya mzigo. Na wanachoangalia kwanza ni tofauti kati ya fezi na fezi kwenye mzigo sawa: ikizidi nyuzi 15, hiyo ni ya kushughulikiwa mara moja. Ripoti isiyo na usomaji wa klampu mita (kifaa cha kubana waya na kupima amperi) pembeni ya kila picha, mimi siisomi.

Naishia hapo kwanza, maswali karibuni.

#2 Kamongo

Nimekaa pale na kahawa yangu.

#3 Binti Mbagala

Uzi mzuri mkuu. Ila swali ambalo wote wanaogopa kuuliza nauliza mimi: inaona kupitia nguo au haioni? Maana kuna kaka mmoja ofisini ana ya kwenye simu na anajitapa.

#4 Mzee wa Fezi Tatu

Binti Mbagala, mwambie kaka apunguze. Inachoona ni uso wa nguo. Nguo iliyobana mwilini inapata joto la mwili, kwa hiyo umbo linaonekana kwa ukungu, kama ambavyo ukiegemea ukuta dakika moja ukaondoka alama yako inabaki kwenye kamera. Ukuta haupiti. Kioo cha dirisha pia hakipiti. Ukikielekezea kamera utajiona mwenyewe umeakisiwa. Ndiyo sababu lenzi za kamera hizi hazitengenezwi kwa kioo cha kawaida, nyingi ni za jermaniamu, na ndiyo moja ya sababu za bei. Cha ajabu mfuko mweusi wa nailoni, ule mwembamba, unapita. Mtu akijifunika nao jicho halimwoni, kamera inamwona.

#5 Ngosha wa Buguruni

Kwa hiyo mnatuambia lile ghorofa lililoanguka Kariakoo Novemba 2024 hizi kamera zisingesaidia kupata watu? Mbona mitandaoni watu walikuwa wanalaumu kwamba hazikuletwa?

#6 Mzee wa Fezi Tatu

Ngosha, hilo ni swali zito na nalijibu kwa heshima kwa waliopoteza ndugu. Zege la slabu likilala juu ya mtu, kamera inaona zege. Joto la mwili halipiti hapo kwa muda wowote unaofaa. Penye ufa au tundu ambalo jicho la kamera linafika moja kwa moja, inasaidia, hasa usiku. Lakini kwa aliye chini kabisa, vifaa vya kusikiliza sauti na mbwa waliofundishwa ndivyo vinavyotegemewa. Kwa zimamoto ni habari nyingine. Moshi mwingi wa moto wa nyumba unazuia jicho lakini mawimbi haya marefu yanapita vizuri zaidi katikati ya chembe zake, hivyo askari anaona mlango uko wapi, mtu amelala wapi, na ni ukuta upi una moto nyuma yake.

#7 Bwana Sola

Mleta uzi nakubaliana na mengi ila umewapuuza watu wa sola. Sisi huku ndiyo kazi kubwa. Paneli yenye seli mbovu inaonekana kama doa la moto kwenye mraba mmoja. Ukiona theluthi nzima ya paneli, ukanda wa urefu, imepanda joto kuliko zingine, angalia dayodi ya nyuma kwenye boksi. Kwa mita huwezi kupata haya kwa paneli 200 juu ya bati bila kutoa machozi.

Masharti: jua liwe kali, watu wanasema wati 600 kwa mita ya mraba na kuendelea, na mfumo uwe unafanya kazi. Usisimame wima mbele ya paneli, utapiga picha ya kichwa chako na mawingu. Simama kwa pembe. Na vumbi na mavi ya kunguru futa kwanza, hapa Dar kunguru peke yao wanatosha kukupa madoa ya moto ya uongo. Si ya uongo sana kwa kweli, maana seli iliyofunikwa inapata joto kwelikweli, lakini dawa yake ni ndoo na brashi.

#8 Mzee wa Fezi Tatu

Bwana Sola, hilo la pembe waandikie kwa wino mwekundu. Na bati lenyewe: elekeza kamera kwenye bati jipya linalong'aa saa saba mchana, anga likiwa jeupe. Bati lina nyuzi 60 na linakuunguza, kamera inakupa nyuzi ishirini na kitu, kwa sababu linaakisi anga ambalo ni la baridi. Nimeshuhudia mtu akimwambia mteja kwamba bati lake "lina ubaridi wa asili".

#9 Pampu na Mota

Tuseme ukweli, fundi mzoefu anagusa mota kwa kiganja anajua beringi imekwisha. Hizi kamera ni mbwembwe za kupandisha bei ya kazi. Na kama mtu anataka namba kuna ile bastola ya kupimia joto, bei chee kabisa.

#10 Mzee wa Fezi Tatu

Pampu na Mota, kiganja kwenye mota sawa. Kwenye busiba yenye volti 415 weka kiganja mara moja tu, hutarudia.

Ile bastola haina ubaya, lakini soma pembeni yake imeandikwa nini. Nyingi ni 12 kwa 1. Maana yake ukiwa sentimita 120 inapima wastani wa duara la sentimita 10. Ile nukta nyekundu ya leza ni ya kulengea tu. Nati yako ya sentimita 2 imezungukwa na hewa, boksi na waya mzima, vyote vinachanganywa kwenye namba moja. Kamera ndogo ya 80 kwa 60 ni nukta 4,800 kwa mpigo mmoja. Ya 320 kwa 240 ni 76,800. Tofauti ni kwamba huhitaji kujua mapema tatizo liko wapi.

#11 Pampu na Mota

Sawa, kwa bodi nakubali. Kwa mota nabaki na kiganja changu.

#12 Nesi Tandale

Mimi ni mtu wa afya naomba niweke neno. Kuna watu wanapita na vikamera hivi wakiwaambia akina mama kwamba wanapima saratani ya matiti bila maumivu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeonya wazi kwamba picha ya joto haichukui nafasi ya mamogramu. Uvimbe unaweza kuwepo na ngozi ikawa na joto la kawaida. Mwenye wasiwasi aende hospitali, ile ya saratani ya Ocean Road ipo.

Panapoleta maana ni kama mguu wa mwenye kisukari. Sehemu ya unyayo ikizidi sehemu ileile ya mguu wa pili kwa nyuzi 2.2 au zaidi, siku baada ya siku, ni dalili kidonda kinaandaliwa, mgonjwa apumzishe mguu na amwone daktari. Na hapo hata kipimajoto cha ngozi cha kawaida kinatosha, huhitaji kamera.

#13 Kamongo

Nesi, vipi zile za uwanja wa ndege enzi za korona? Mbona walikuwa wanatupitisha tu kama mbuzi?

#14 Nesi Tandale

Zilianza kuenea viwanja vya ndege wakati wa SARS mwaka 2003, korona ikazirudisha. Zinapima ngozi, na ngozi ya uso si joto la ndani ya mwili. Mtu ametoka kwenye bodaboda juani paji lake linasoma homa. Mwingine ametoka kwenye gari lenye AC, ana homa na haionekani. Utaratibu wa kimataifa unataka mtu mmoja mmoja, avue miwani, na kamera iangalie kona ya ndani ya jicho pembeni ya pua, hapo ndipo pako karibu na joto la ndani. Kundi zima kwa mpigo ni kuchuja tu kwa juujuu. Na mwenye ugonjwa ambaye hajaanza homa anapita akitabasamu.

#15 Mchuuzi wa Feri

Sisi wa samaki je? Nina chumba cha baridi, bili ya umeme inaniua, fundi wa majokofu kila siku anasema gesi, gesi, gesi.

#16 Mzee wa Fezi Tatu

Mchuuzi wa Feri, hiyo ndiyo kazi tamu kuliko zote kwa kamera hii, na haina hatari ya kufa. Akague kwa NJE. Ukuta wa chumba unatakiwa uwe rangi moja, sawa na hewa ya nje. Ukiona doa la baridi katikati ya paneli, insulesheni (tabaka la kuzuia joto) imelowa au haipo. Kwenye mlango fuata mpira kuanzia juu hadi chini. Unapovuja utaona ulimi wa baridi umetoka na kulamba fremu, mara nyingi kona ya chini upande wa bawaba. Kwa unyevu wa hapa Dar sehemu hizo zinatoa jasho pia, hata bila kamera pitisha mkono asubuhi na mapema utaona palipolowa. Ukikuta mpira wa mlango umekufa, gesi utaongeza mpaka uzee.

#17 Ngosha wa Buguruni

Na polisi wakipita mtaani nayo usiku wakimulika nyumba za watu?

#18 Wakili Msomi Kiasi

Ngosha, Marekani hilo lilifika Mahakama ya Juu. Jamaa anaitwa Kyllo, wa jimbo la Oregon, alikuwa anaotesha bangi ndani kwa taa za joto kali. Polisi wakaielekeza kamera kwenye nyumba yake wakiwa ndani ya gari barabarani, wakaona paa la gereji na ukuta mmoja vina joto kuliko majirani. Mwaka 2001 mahakama ikaamua, majaji watano kwa wanne, kwamba huo ni upekuzi na ulihitaji kibali. Hoja ni kwamba kifaa kisicho cha kawaida kwa raia hakiwezi kutumika kuchungulia mambo ya ndani ya nyumba. Sasa kifaa hicho kinauzwa cha simu. Sijui hoja ya "kisicho cha kawaida" itasimama miaka mingapi.

#19 Kamongo

Nani anaotesha bangi kwa taa, jua hawana?

#20 Mlinzi wa Pori

Wakuu, kwa wanyamapori kitu hiki kimebadilisha usiku. Mwaka 2016 shirika la uhifadhi la WWF walitangaza matumizi yake kwa majirani zetu Kenya, Maasai Mara kamera juu ya gari la doria na zingine kwenye nguzo za mpakani mwa hifadhi nyingine ya hukohuko, na majangili kadhaa walikamatwa. Usiku savana imepoa, binadamu anang'aa kutoka mbali. Mchana ni kazi bure, hasa Januari. Ardhi ikifika nyuzi 35, mtu mwenye ngozi ya nyuzi 34 ni vigumu kumtofautisha kwenye picha.

Na kwa taarifa yenu chatu alitangulia. Ana vishimo mdomoni vinavyohisi miali hii, anamlenga panya gizani bila kumwona.

#21 Binti Mbagala

Hiyo ya chatu imeniharibia usingizi.

#22 Fundi Kijana Tegeta

Mkuu Fezi Tatu, nina mtaji mdogo, nataka kuanza. Ninunue ya simu au ya mkono? Na nikague laini za nje saa ngapi?

#23 Mzee wa Fezi Tatu

Kijana, ya simu inakufaa kujifunzia na kwa majokofu, milango, bodi ndogo za nyumba. Kwa kazi ya kuandika ripoti ya kiwanda tafuta angalau 160 kwa 120 inayokuruhusu kubadilisha emisiviti na kuhifadhi joto la kila nukta, siyo picha tupu. Utaona nyingi zinafanya picha 9 kwa sekunde au pungufu. Hazijaharibika. Marekani wanabana usafirishaji wa zenye kasi zaidi kwa sababu za kijeshi, na kwa nati isiyokimbia kasi hiyo inatosha.

Laini za nje nenda baada ya jua kuzama, saa moja na nusu jioni hivi. Majumbani wanapika, taa na feni zinawaka, mzigo uko juu, na hakuna jua la kukudanganya kwenye shaba na alumini. Siku ya upepo wa nguvu ahirisha, upepo unapoza kiungo kibovu kinaonekana kizima. Ukipata kazi Kigamboni au Masaki karibu na maji, anza na viungo vya shaba kukutana na alumini, chumvi inavila haraka.

Bodi usifungue ikiwa na moto ukiwa peke yako na kaptula. Simama mbali, vaa vinavyotakiwa, mlango afungue mwenye ruhusa ya kufungua. Zile bodi zenye kifuniko cha plastiki kigumu kinachopitisha mwanga, ujue kamera haipiti hapo, utapima kifuniko. Ama kivuliwe kwa utaratibu, ama mteja aweke dirisha maalumu la kukagulia. Na kabla hujapiga picha yoyote, klampu mita kwanza. Andika amperi za kila fezi, saa, joto la chumba na emisiviti uliyoweka.

#24 Fundi Kijana Tegeta

Shukrani mkuu. Tepu nyeusi ya aina yoyote?

#25 Mzee wa Fezi Tatu

Ya vinaili, nzuri, isiyong'aa sana. Ile ya bei ya kutupa gundi yake inayeyuka kwenye nyuzi 70 na inadondoka ndani ya bodi. Na bandika umeme ukiwa umezimwa, nimeshasema, narudia.